Dada Pasi na Viazi vya Alizeti

Dobi wa kweli hukagua mifuko kabla ya kuloweka nguo, na Dada Pasi alikuwa dobi wa kweli. Alishakuta mifukoni mwa watu funguo, meno ya bandia, pete za ndoa zilizovuliwa kwa haraka, na mara moja mjusi mzima aliyemtazama kana kwamba yeye ndiye aliyeingia chumbani bila kupiga hodi. Lakini asubuhi hiyo, alipotia mkono katika koti jeupe la mpishi wa hoteli, alitoa kitu asichokitambua: kigumu, chenye mafundo mafundo na udongo uliogandana, kama tangawizi iliyogombana na kiazi wakaumizana wote wawili. Akatia mkono mfuko wa pili. Huko nako vilijazana mpaka mshono ulikuwa umeanza kuachia.

Akaviweka kwenye sahani juu ya kabati, akaendelea kupiga pasi. Mchana mpishi akaingia anahema, mkono kifuani.

"Dobi wangu, niambie hujavitupa."

"Mimi situpi kitu cha mtu. Ila niambie kama nimeshinda na dawa za mganga humu ndani, nijue nikimbilie wapi."

Mpishi akacheka. Alikuwa mtu mnene na mcheshi, ambaye makoti yake yote hukatika kifungo cha tumboni.

"Chakula hicho, mama. Viazi vya alizeti. Mmea wake na alizeti ni ndugu wa damu: juu unatoa maua ya njano, chini ya ardhi unazaa hivi. Nilivipata safarini, sikuwa na kikapu, nikajaza koti. Halafu akili zikaruka, nikalituma koti kufuliwa." Akachukua kimoja akakigeuza kwenye mwanga. "Tazama, vimeshaanza kutoa macho. Wala sivipiki tena. Hivi sasa ukivifukia vinaota. Una ardhi?"

Dada Pasi akageuka, akautazama uwanja wa nyuma kupitia mlango uliokuwa wazi. Ulikuwa udongo uliokanyagwa miaka na miaka ukawa mgumu kama kisigino, umechanganyika na vipande vya matofali, na juu yake kamba zake za kuanikia zilikatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Tangu wazazi wafariki hapakuota kitu pale ila magugu membamba ya pembeni, nayo yalionekana kujuta.

"Ninayo," akasema, kabla hata hajajiuliza.

"Basi otesha. Mimi naishi ghorofani, nioteshe kwenye sinki? Ukivuna, jiko langu litavichukua, mwaka huu na mwaka ujao. Ila nakuonya mapema: asiyevizoea ale kidogo. Vinajaza tumbo upepo. Safari moja ya zamani nilivileta, meneja wetu akapiga bakuli zima peke yake, kikao cha mchana kikaahirishwa."

Akaondoka na makoti yake, sahani akaiacha. Dada Pasi akabaki amevitolea macho vile viazi. Alikuwa amefua nguo za mtaa ule tangu hajaota mvi hata moja, na kulikuwa na jambo katika kazi yake lililomuuma bila kumwambia mtu. Hakuna kilichobaki. Shati linakuja chafu, linaondoka safi, wiki ijayo ni lile lile na doa ni pale pale. Akifa leo, baada ya muda mfupi kila shuka alilolifua maishani litakuwa chafu tena. Alitaka angalau mara moja aanzishe kitu ambacho ukikipa mgongo kinaongezeka, badala ya kuchakaa.

Shida ilikuwa Zege.

Zege ni mdogo wake, wamenyonya ziwa moja. Alikuwa fundi mwashi, na jina lile alipewa kwa sababu hakuna mahali alipouona udongo ukamwacha na amani. Nyumba waliachiwa wote wawili. Dada Pasi alikaa vyumba vya mbele na kazi yake, Zege na mkewe wakakaa vyumba vya ubavuni, na uwanja wa nyuma ukawa wa wote, yaani wa atakayeanza. Zege alikuwa mbioni kuanza. Alikuwa na gari kuukuu la kubebea saruji na mbao, nalo lililala barabarani. Wezi walishaling'oa kioo cha pembeni, wakarudi wakachukua na kifuniko cha tangi. Alitaka atoboe geti ukutani, amwage zege uwanja mzima, gari lilale ndani kama mtu mwenye kwao.

Alirudi kutoka kazini siku hiyo akamkuta dada yake anapima uwanja kwa nyayo.

"Dada, umeangusha sindano?"

"Napima pa kupanda."

"Kupanda hapa? Hapa hata panya wakichimba wanatoka na bandeji."

Mkewe akachungulia, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mwanamke mwenye mdomo usio na breki, na wifi yake alimpenda hivyo hivyo, siku nyingine kwa shida. "Wifi, unapanda nini? Mboga?"

Dada Pasi akawaeleza, na kwa kuwa hakujua kuficha, akawaeleza mpaka habari ya upepo. Zege alicheka mpaka akaushika ukuta.

"Yaani gari langu liendelee kunyonyolewa barabarani, ili dada yangu alime upepo!"

Wateja waliokuwa mlango wa mbele wakingojea mashuka yao wakacheka naye. Hapo ndipo Dada Pasi alipowaka. Mtaa haukumwita Pasi kwa ajili ya kazi tu. Alikuwa mtu ambaye akipita mahali, ama anapaacha pamenyooka ama anapaacha pameungua.

"Sikiliza, mdogo wangu. Uwanja huu ni wetu sote, sivyo? Nipe msimu mmoja. Nikishindwa, mwaga zege lako, na mimi mwenyewe nitakuchanganyia."

"Na ukishinda?"

"Uwanja unabaki udongo, na hutaniuliza tena."

Zege akakuna kidevu. Macho yake yakatua kwenye beseni la bluu, lile kubwa la kulowekea mablanketi, ambalo mtu mzima angeweza kukaa ndani na kunyoosha miguu.

"Ujaze lile. Mpaka mdomoni. Nakupa mpaka mimea yako ikauke. Ikishakauka tunachimba mbele ya macho ya watu. Beseni lisipojaa, namwaga, na sitaki kuona chozi."

"Mpaka ikauke," akasema Dada Pasi, wakapeana mikono, wifi akiwa shahidi.

Kosa alilolifanya kesho yake lingeweza kufanywa na dobi peke yake. Alivishika viazi vyake vya mbegu akaona kila pindo lina udongo, na mkono uliolelewa na sabuni haukustahimili. Akaviloweka maji ya vuguvugu. Akavisugua kwa brashi ya kola, fundo kwa fundo, mpaka vikang'aa kama magoti ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Na kwa kuwa kitu kilichofuliwa lazima kianikwe, akavitandaza juu ya bati juani, kisha akaenda kupambana na mashuka ya nyumba ya wageni yaliyokuwa yamerundikana mpaka dirishani. Kazi ile ilimmeza siku kadhaa. Alipovirudia viazi, vilikuwa vimenywea na kukunjamana kama vidole vyake mwenyewe, vyepesi, vinabonyea.

Mpishi alipoletwa uwanjani, alishika kichwa.

"Mama wee. Umevifua?"

"Vilikuwa vichafu."

"Umefua mbegu!" Mpishi hakujua acheke au alie, akafanya nusu ya kila kimoja. "Ngozi ya hivi ni nyembamba kama utando wa kitunguu. Ule udongo ndio nguo yake. Wewe umevivua nguo, halafu ukaviweka juani vikauke!"

"Una vingine?"

"Nitavitoa wapi? Si nilikwambia nilivipata safarini?"

"Basi vitakuwa hivi hivi. Nivifanye nini?"

"Mimi mpishi, mama, si daktari wa viazi. Jaribu kuvirudishia unyevu, taratibu. Ila usijipe matumaini makubwa."

Wifi alikuwa dirishani, na kusikia kwake ni sawa na tangazo la redio. Kabla jua halijageuka, mtaa mzima ulikuwa na habari, na kila aliyeleta nguo aliuliza kama viazi vimeshapigwa pasi na kukunjwa. "Wifi," akaita mwenyewe juu ya ukuta, "usisahau kuvitia wanga, visimame!"

Dada Pasi akajikaza kisabuni. Alichukua gunia, akalijaza udongo mweusi wenye unyevu kutoka kando ya mtaro, akavifukia viazi humo na kuliweka kivulini chini ya meza ya kukunjia nguo. Kila asubuhi, kabla hajawasha pasi, alipiga magoti akavipapasa. Vingi viliharibika. Alivitoa vinanuka, akavitupa, wala hakuvililia. Vingine vilinyamaza tu, huwezi kusema vipo wala havipo. Lakini vichache vikaanza kunywa. Ngozi ikajaa, mikunjo ikanyooka, na kwenye macho yake vikachomoza vichipukizi vyeupe vinene. Havikuzidi ujazo wa kiganja.

"Kiganja kimoja," Zege akasema alipoonyeshwa. "Na beseni lile."

"Sikukuomba hesabu. Niazime sururu yako."

"Chukua. Ukichoka utanirudishia sururu pamoja na uwanja."

Hakuchoka, au tuseme alichoka kila siku na kila siku akarudi. Sururu ilidunda juu ya ardhi ile kama inayopigwa kwenye mlango wa chuma. Viganja vilivyozoea maji vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, na sabuni ikayakuta wazi. Alikuwa akifua huku ameuma meno, wateja wakidhani ananuna. Alitoa matofali, vigae, misumari, kisoda baada ya kisoda, akavipanga chini ya ukuta kama biashara. Alichanganya samadi na majani yaliyooza. Maji ya kufulia hakuyamwaga pale, kwa kuwa aliona dawa inayong'oa madoa haiwezi kuwa rafiki wa mzizi. Alichota ya mvua kutoka kwenye pipa. Kisha akakaa chini na kisu, akavikata viazi vyake kama fundi cherehani mwenye kitambaa kidogo na wateja wengi, kila kipande na jicho lake. Akavifukia, jicho likitazama juu, na kufunika shimo kwa mikono.

Mvua zikaja. Baada ya muda mrefu, Zege akiwa ameshaanza kupita pale akipiga mluzi kama aliyeshinda, ardhi ikapasuka, na majani yakatokeza, mapana, yenye ukwaruzo kama ulimi wa paka.

Yalipoanza kwenda hayakusimama. Yalimfika goti, yakamfika kifua, na asubuhi moja akajikuta amesimama chini yake anatazama juu kama mtu anayesoma kibao cha duka. Yakaupita ukuta. Hapo likaja balaa ambalo hakulifikiria: kivuli. Mimea yake ilizikinga kamba jua, na mashuka yakaanza kukauka kwa kinyongo. Nesi wa zahanati ya jirani akarudisha sare yake.

"Dada Pasi, nisamehe, lakini hii inanuka kama kisima. Wagonjwa wananiangalia mimi."

Kazi ndiyo iliyomlisha, na mtu mwingine angekata mashina machache akajitetea kuwa ni ya pembeni. Dada Pasi alifungua kamba zake zote uwanjani, akapanda ngazi, akazifunga juu ya paa. Kuanzia siku hiyo kila beseni la nguo mbichi lilipanda ngazi begani mwake, likimtiririkia mgongoni.

"Wifi," mke wa Zege akamwita akiwa katikati ya ngazi, "nguo ziko juu, mimea iko chini. Wewe utalala wapi?"

"Hapa hapa nilipo. Sogea nisikumwagie."

Upepo mkali ulipokuja, mashina yakainama yote upande mmoja kama watu wanaosikiliza umbea. Akayainua moja moja na kuyafunga kwa kamba za akiba. Na siku moja, huko juu kabisa, maua yakafunguka, madogo kuliko alizeti ya kawaida lakini ya njano isiyo na aibu, mengi, yakitikisika juu ya ukuta hata wapita njia wakasimama.

Wa kwanza kufurahi alikuwa Zege.

"Maua hayo! Basi mmea umemaliza. Tuchimbe."

"Bado."

"Chimba hata shina moja, dada. Au unaogopa?"

Neno lile lilimfikia. Isitoshe, yeye mwenyewe alikuwa na hamu iliyomwasha usiku na mchana. Alilishika shina la pembeni, akakita miguu na kuling'oa. Likatoka na udongo wake, na mizizi, na nyuzi nyeupe ndefu. Na kwenye ncha za nyuzi zile vijifundo, visivyofika hata unene wa kidole.

Wateja waliokuwa mlangoni wakanyoosha shingo. Zege akalichukua shina akaliinua juu.

"Shanga," akasema. "Dada yangu, beseni lile utalijaza kwa shanga?"

Kesho yake akaleta mchanga. Aliumwaga uwanjani lundo zima, ukateleza mpaka ukaegemea mstari wa mwisho wa mimea. Akaja na sepetu begani, akamkuta dada yake amesimama kati ya lundo na mashina, mikono kiunoni.

"Sogea, dada."

"Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana mpaka mimea..."

"Ikauke. Hebu nionyeshe jani lililokauka."

Zege akatazama. Yote yalikuwa kijani kibichi, maua yanamcheka usoni.

"Lakini umeona mwenyewe chini hamna kitu! Mimi nikae nisubiri shanga, gari linaibiwa?"

Ukweli ni kwamba Dada Pasi hakuwa na hakika. Shina lile lilikuwa limemkata maini, na alikuwa hajapata nafasi ya kumuuliza mpishi. Alichokuwa nacho ni neno walilopeana mikono, na ubishi.

"Mdogo wangu, ukimwaga zege leo, kesho unapitisha gari?"

Zege akautazama mchanga wake.

"Nakuuliza, fundi."

"Hapana. Lazima likomae."

"Kwa juu si linaonekana limekauka? Mwenye nyumba anakuja anakwambia, tayari hii, acha niingize gari. Unamjibuje?"

Mtaa mzima ulijua alivyojibu. Aliwahi kumfukuza mwenye nyumba kwa sepetu, barabara nzima, kwa kukanyaga sakafu changa.

"Namwambia asinifundishe kazi," Zege akasema kwa sauti ndogo.

"Basi."

Zege akaichoma sepetu kwenye mchanga. "Mpaka ikauke," akasema, shingo upande. "Ila mchanga siutoi. Utakaa hapo hapo ukukumbushe."

Mpishi alipopita, aliliangalia lile shina lililong'olewa akatikisa kichwa. "Mlikuwa na haraka ya nini? Maua kwanza, chakula baadaye. Sasa hivi ndipo mmea unaanza kushusha mali chini. Usikate hata jani. Mpaka uone umekufa kabisa juu."

Kwa hiyo Dada Pasi akafanya kazi iliyo ngumu kuliko sururu, akangoja. Maua yakanyauka. Majani yakaanza kugeuka rangi kutokea chini, yakajikunja, yakaning'inia kama soksi. Mashina yakawa ya kahawia, yakigongana kwa ukavu kila upepo ukipita. Waliokuja na nguo wakampa pole kama aliyefiwa. Alizipokea zote, akaandika nguo zao, akapanda ngazi yake.

Siku shina la mwisho lilipokauka, alikwenda yeye mwenyewe kugonga mlango wa Zege.

"Twende tukachimbe."

Walikuja wateja, alikuja nesi, mpishi akaja na kikapu na bila aproni. Beseni la bluu likawekwa katikati ya uwanja. Dada Pasi alichomeka uma wa kuchimbia mbali kidogo na shina la kwanza, akaegemea mpini kwa uzito wake wote, na ardhi ikainuka. Halafu ikafunguka. Viazi vilikuwa vimeshikana kuzunguka shina kama watu kwenye picha ya harusi, vya kila umbo, vikubwa kwa vidogo, vimejaa udongo.

Wifi akapiga yowe. "Shanga ndizo hizi? Mume wangu, mimi sikununuliwa shanga kama hizi!"

"Vioshe tuvione vizuri," mtu akasema.

"Havioshwi," akajibu Dada Pasi, na hakuinua hata kichwa.

Shina la pili, la tatu, mstari mzima. Beseni likafunikwa kitako, likafika nusu, likapita nusu. Lakini mstari wa mwisho ulipokwisha, viazi havikuwa vimefika mdomoni. Zege akaleta ubao wake wa kusawazishia, akaulaza juu ya beseni ukingo kwa ukingo, akaingiza ngumi chini yake. Ngumi ikapita.

Hakucheka. "Dada, mimi ni fundi. Pengo ni pengo."

"Lakini, bwana," mpishi akaanza, "kwa kiganja kimoja cha mbegu zilizofu..."

"Mpishi, nyamaza. Amesema kweli. Tulisema mpaka mdomoni."

Dada Pasi akarudi kwenye kitalu, akapiga magoti, akaanza kupekua udongo kwa vidole, akipata kimoja hapa, kimoja pale, vidogo. Watu wakaanza kutazamana, wengine wakikumbuka wana shughuli. Ndipo vidole vyake vikakutana na uzi mweupe, mnene, uliotoka kwenye kitalu na kuelekea chini ya lundo la mchanga. Akauvuta. Ukakaza. Akautafuta mwingine, nao ulikwenda huko huko.

Akasimama. "Viko chini ya mchanga wako."

"Huko hukupanda."

"Sikupanda. Vimejiendea. Uwanja ni wetu sote, au umesahau? Toa mchanga."

"Mchanga nimeuweka pale kwa sababu zangu. Ukitaka utoke, utoe mwenyewe."

Dada Pasi akaing'oa sepetu pale ilipokuwa imechomekwa tangu ule ugomvi, akaanza. Mchanga ulikuwa umelowa mvua za mwisho wa msimu, mzito kama mablanketi mabichi, lakini mablanketi mabichi aliyajua. Alichota akarusha, akachota akarusha. Jasho likamwingia machoni, hakulifuta. Nesi alitaka kumpokea, akakataliwa kwa kichwa. Zege alisimama mikono kifuani, akitazama, akijizuia; ila kuna mambo ambayo fundi hawezi kuyatazama mpaka mwisho.

"Unaishika sepetu kama pasi."

"Niishike kama nini?"

"Shusha mkono wa chini. Goti ndilo lisukume, siyo mgongo. Hapana, sio hivyo! Leta hapa." Akaichukua, akatema mate viganjani. "Naondoa mchanga tu. Sikusaidii kushinda, tuelewane."

"Nani kakuomba unisaidie?"

Lundo likashuka. Lilipofika chini, ardhi iliyokuwa imefunikwa ilikuwa nyeusi na laini, unyevu wake haujaguswa na jua. Dada Pasi alichomeka uma mara moja tu. Vilivyoinuka vilikuwa vikubwa kuliko vyote, kila kimoja ngumi ya mwashi, na nyuma yake vingine, na vingine. Zege akainama, akapenyeza mkono mpaka kiwiko na kuvitoa mwenyewe, fungu zima, akalitazama kwa muda. Kisha akalibeba akalitia beseni kwa mikono yake.

Wakaendelea hivyo, yeye na dada yake, mpaka viazi vikawa vinateleza na kudondoka nje. Zege akaufuta ubao kwa suruali, akaulaza. Haukulala. Ulicheza juu ya viazi kama meza yenye mguu mfupi. Akaugeuza upande, akajaribu tena. Ukacheza tena.

"Limejaa," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Watu wakashangilia, mpishi akamkumbatia nesi bila kuombwa, na wifi akatangaza kwamba yeye siku zote alijua. Zege akaketi juu ya mchanga wake, kichwa chini. Alipokiinua hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka.

"Na gari langu, dada?"

Dada Pasi alishinda, na alijua ameshinda, na hakuwa na nia ya kurudisha hata unyayo mmoja. Lakini kioo kilichoibwa kilikuwa kimeibwa kweli. Akautazama ukanda wa uwanja uliokuwa chini ya kamba zake zamani, mtupu tangu alipozihamishia juu ya paa.

"Toboa geti lako pale. Lilale pale."

"Juu ya udongo?"

"Lina matairi, halina viatu vya harusi. Tulisema uwanja unabaki udongo. Hatukusema gari lisilale hapo."

"Likitoka na matope?"

"Likitoka na matope, lete nilifue."

Zege akacheka, kwa mara ya kwanza tangu waanze kuchimba, akainuka akijikung'uta. Akatoa futi yake mfukoni, akaenda ukutani, akaanza kupima pa kutoboa. Kisha akasita, akageuka.

"Hivi viazi vyako vinatambaa mpaka wapi? Nijue nisivikanyage."

Dada Pasi alikuwa ameshachomeka uma sehemu nyingine, uso umelowa, mikono myeusi mpaka juu ya viwiko.

"Sijui," akasema. "Bado vinakwenda. Wewe fanya haraka na geti lako."